Kadi Sitini za Mlindwe

Siku ya kwanza Zenon aliingia katika duka la Anyelwisye, pale Katandala, akiwa na debe lake mwenyewe begani.

Anyelwisye aliuza karatasi, bahasha, wino na madaftari, na kwa wakulima wasio na fedha mkononi alipokea ulezi. Debe lake la kupimia lilikuwa limegongwa kwa nyundo kutoka ndani, tumbo likatoka nje kidogo tu, likawa linameza kibaba kimoja na ushee zaidi bila mtu kushtuka. Mzee alilitazama, akaligonga kwa kidole, kisha akatua la kwake mezani.

"Hilo lako lina mimba," alisema. "Tupime kwa hili langu, bado halijaolewa."

Anyelwisye alicheka kwa kukosa la kufanya. Alikuwa ametoka Tukuyu na sanduku moja la madaftari, akajijenga mwenyewe mpaka akawa na duka lenye mlango wa bati, na hakuzoea kushindwa mezani pake. Tangu siku ile alimheshimu Zenon kuliko mteja yeyote, na hiyo heshima ilimgharimu kibaba kila mwaka.

Zenon alikuwa mtu wa Mlindwe, kijumba hapa kijumba pale, kaya thelathini kwenye mteremko, mwendo wa nusu siku kutoka mjini. Ujana wake aliuacha katika migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Alirudi na kikohozi na mabati arobaini, akajenga nyumba ya matofali ambayo watu wa mbali waliiona ikimetameta kabla hawajaiona Mlindwe yenyewe. Mkewe alifia humo. Binti yake, Luciana, alizaliwa humo. Ukimwuliza Zenon habari za maisha yake, alikuonyesha paa.

Mwezi wa saba mwaka 1974 alikuja tena, safari hii amevaa koti.

"Nataka kadi za harusi. Sitini. Za mashine, si za kuandika kwa mkono."

Luciana alikuwa ameposwa na Flavian, kijana aliyefanya biashara ya dagaa Kirando. Anyelwisye alikuwa na mashine ndogo ya mkono ya kuchapia, aliyoinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyefunga duka akaondoka. Herufi zake za risasi zilikuwa chache. Zile kubwa za kuandikia majina ya mahali zilibaki seti moja tu, na M yake ilikuwa imevunjika mguu wa kulia.

Siku hiyo mashine haikuwa tupu. Siku tatu nyuma, Basil, karani wa operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya barabarani, alileta kazi kubwa: kadi mia nane za viwanja. Kila kadi ilitaja mahali mtu anakotoka, kijiji anakokwenda na namba ya kiwanja. Mstari wa nne wa orodha ya Basil uliandikwa Mlindwe, na pembeni kwa penseli: mwisho wa Agosti.

"Ukitoa neno," Basil alimwambia huku akitabasamu, "kiwanja cha kwanza nakuandikia wewe." Malipo yake yalikuwa kibali cha karatasi cha mwaka mzima, na mwaka ule mwenye duka asiye na kibali alikuwa akiuza rafu tupu.

Kwa hiyo Zenon aliposimama mbele ya mashine, jina la kwao lilikuwa limepangwa pale pale, kinyume, linang'aa kwa wino mbichi. Aliliangalia. Hakujua kusoma kinyume.

"Andika hivi," alisema. "Mzee Zenon anakualika nyumbani kwake Mlindwe, Jumamosi tarehe saba Septemba, baada ya misa."

"Mzee, mahali tuache wazi," alisema Anyelwisye. "Naweka vidoti, wewe utajaza kwa kalamu."

"Vidoti? Nimwalike mtu aje kula kwenye vidoti?"

"Pengine mvua ikawaharibia, mkahamia kwingine."

"Septemba mvua itoke wapi, Mnyakyusa? Hapa si Tukuyu."

"Basi isogezeni. Agosti mwanzoni."

"Mkwe yuko Kirando mpaka mwisho wa mwezi huo. Na padri ameshapanga Jumapili zake tatu za kutangaza ndoa." Mzee alimkazia macho. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukiburuta vumbi chini ya mlango. "Wewe unajua kitu."

"Najua karatasi, mzee."

Zenon aliinama mezani, sauti ikashuka. "Kuna maneno ya kuhama. Mimi nasema hivi: mwenye harusi iliyochapwa, ina siku na ina mahali, hawezi kuswagwa kama mbuzi. Jina la Mlindwe liweke kwa zile herufi kubwa."

Wakakubaliana madebe mawili ya ulezi. Anyelwisye alinyoosha mkono apokee lile debe la mzee.

"Pima kwa lako," alisema Zenon.

Hapo ndipo Anyelwisye alipoogopa. Mtu aliyebishana naye miaka sita juu ya kibaba kimoja sasa alikuwa anakiacha mezani bila kuombwa. Alikuwa anatafuta kununua kitu kingine, na Anyelwisye alikijua ni kitu gani. Alipima. Debe lenye mimba likajaa mara mbili, naye hakusema neno.

Mzee alipoondoka, Anyelwisye alizing'oa herufi kwenye kazi ya Basil, moja moja, akazipanga kwenye kadi ya harusi. Hakuzifuta wino. Hapakuwa na haja.

Luciana alizifuata kadi wiki iliyofuata. "Shikamoo kaka. Mbona hii M inachechemea?"

"Marahaba. Imezeeka, dada. Hata sisi tutachechemea."

Alicheka, akatoa moja kwenye bunda akaiweka mezani. "Hii yako. Baba kasema usikose."

Katikati ya Agosti mapipa ya dizeli yalishushwa uwanjani nyuma ya ofisi. Malori matatu yalikuja, kisha mawili zaidi. Watu wa mjini wakawa wanayapita bila kuyaangalia. Jioni milima ya upande wa Mlindwe ilifuka moshi, na kila mtu alisema ni mashamba yanachomwa, ingawa wa kuchoma mashamba wote walikuwa sokoni wanasikiliza.

Tarehe ishirini na nane malori yalipanda. Basil ndiye aliyemsimulia Anyelwisye. Nyumba za nyasi zilichomwa. Mabati ya Zenon yaling'olewa na mgambo na kurushwa ndani ya lori. Mzee alimfuata mkuu wa msafara akimwonyesha kadi. Mkuu aliisoma, akacheka, kisha akaacha kucheka, maana ilikuwa imechapwa.

"Akampa siku hiyo moja ya kwenye kadi," alisema Basil. "Saa kumi na moja jioni kuta zinashuka."

Jumamosi ya tarehe saba Anyelwisye aliweka kadi mfukoni akapanda Mlindwe. Wageni walikuwa wakija kutoka pande zote na kadi zao mikononi, wakipita kati ya majivu kufuata jina. Harusi ilikuwa ndani ya nyumba isiyo na paa. Jua lilipiga moja kwa moja juu ya shela la Luciana. Mgambo wanne walikaa kwenye lori, wamepewa sahani zao, wanakula na kutazama jua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Zenon alimvuta kwenye kona, akatoa kadi mbili kwenye koti: ya harusi, na ya kiwanja namba arobaini na moja. Aliweka kidole kwenye M ya kwanza, kisha kwenye ya pili. "Mguu ni ule ule. Ipi ilichapwa kwanza?"

Anyelwisye aliangalia mlango. "Ya kiwanja. Asubuhi ile ile uliyokuja."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekagua mzigo. "Ungeniambia, ningeyashusha mabati mwenyewe, msumari kwa msumari. Ghala zima la ulezi ningekupa. Ulikuwa na kitu cha kuuza, Mnyakyusa, ukaniuzia karatasi."

Saa kumi na moja mgambo walinawa mikono. Kuta hazikuchukua muda.

Luciana aliolewa akitokea kwao, siku ile na mahali pale palipochapwa. Kati ya mabati arobaini, kumi na saba yalifika barabarani, na kwa hayo Zenon aliezeka chumba kimoja. Anyelwisye alipata kibali chake na rafu zake zilijaa mwaka mzima. Zenon hakukanyaga tena dukani, wala hakumtukana mahali popote ambapo Anyelwisye alisikia.

Ila msimu uliofuata, baada ya mavuno, wakulima wa vijiji vya barabarani walipoanza kuingia mmoja mmoja, kila mmoja alikuwa na debe lake begani.