Saa Alizozikataa Bi Eufemia

Kiharusi kilipompooza Bi Eufemia upande wa kulia, binti yake Nereida aliacha kazi kwenye kiwanda cha kupakia machungwa hapa Lindsay, akakaa nyumbani kumlea. Serikali ya kaunti ikakubali kumlipa kwa kazi hiyo. Kila nusu ya mwezi aliandika kwenye simu saa alizomwogesha mama, alizompikia, alizombadilisha nepi. Kisha simu ya mashine ilimpigia mama mwenyewe: bonyeza moja ukikubali, mbili ukikataa. Mama asipokubali, hakuna malipo.

Mimi ni jirani yao. Nilizoea kupitia kahawa, nikawa nasikia utani wao.

"Nikukatae leo?" mama angesema, kidole kikielea juu ya namba. "Supu ya jana ilikuwa maji ya kuoshea vyombo."

"Kataa tu, mama. Kesho ukale kwa Fermín."

Wakacheka, mama akabonyeza moja.

Fermín ni kaka yake Nereida, kifungua mimba. Anaishi Bakersfield, na huonekana siku za sikukuu. Pasaka alikuja na keki, akamkuta dada yake mezani anajaza saa zake.

"Kumbe hata kumchana nywele unaandika?"

"Naandika. Ndiyo kazi."

"Mimi mama ningemlea bure."

"Haya, mlee. Nepi zipo kabatini."

Fermín akacheka, akajikatia keki. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Mashine ilipopiga wiki ile, alibonyeza mbili.

Nereida alidhani amekosea namba.

"Sijakosea," mama alisema. "Wewe ni mwanangu, si kibarua wangu."

"Mama, mwenye nyumba nikamlipe kwa mapenzi? Mtu mzima mimi, nimeacha kazi kwa ajili yako!"

Mama akageuza uso. Nereida akazituma saa upya, na safari hii mama akabonyeza moja, bila utani.

Tangu siku hiyo mama aliacha kuomba kitu. Akiulizwa kiu, hana. Akiulizwa choo, bado. Nereida akinifungulia moyo wake pale uani aliniambia, "Siku hizi mama ananikwepa kama mtu anayedaiwa." Nikamwambia azungumze naye. Akasema atazungumza, ngoja hasira ziishe.

Hawakuwahi kuzungumza. Asubuhi moja Nereida alikuwa nje anaanika mashuka, mama akainuka peke yake kwenda msalani. Nilisikia yowe nikakimbia. Niliwakuta wote wawili sakafuni, kichwa cha mama kwenye mapaja ya binti yake.

"Kwa nini hukuniita?"

"Unafanya kazi nyingi mno," mama alisema kwa taabu. "Hii nilitaka usiiandike."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Huko hospitali kichomi kikamwingia. Nereida alishinda na kukesha kando ya kitanda, na saa hizo sheria haizihesabu, wala yeye hakuuliza. Mama akafa akiwa amelala, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye.

Baada ya maziko, zilibaki bila kukubaliwa saa za zile siku za kabla ya mama kuanguka. Hakukuwa tena na mtu wa kubonyeza moja. Mwanamke mmoja wa ofisi ya kaunti alimpa Nereida pole, akamweleza kwamba ndugu mwingine wa marehemu anaweza kuweka sahihi kwenye karatasi. Ndugu mwingine ni Fermín.

Alikuja Jumapili. Nereida akamwekea kahawa na ile karatasi.

"Nisaini wapi?"

"Soma kwanza."

"Nakuamini, dada."

"Soma, Fermín."

Hakusoma. Alisaini haraka, akachukua kofia yake, akatoka. Nilimwona ndani ya gari lake, ameinamia usukani, mabega yanatikisika. Nereida alisimama mlangoni akimtazama. Hakumfuata.

Malipo yaliingia, yakaenda kwenye kodi. Nereida amerudi kwenye machungwa. Juzi alikuja kwangu, akakaa na kahawa mpaka ikapoa.

"Bure ningemlea," alisema. "Nilidhani anajua."

Nikamwambia mama alijua. Akainywa ile kahawa baridi.