Kibuyu cha Bibi Kilipooshwa

Majuzi niliamua kuifanyia usafi kompyuta aliyoniachia mwanangu. Ilikuwa inajikokota kama lori lililobeba mawe, nikasema kuna takataka humu ndani. Nikaanza kufuta. Nikakuta faili moja halina picha, jina lake kama namba za trekta, wala sikumbuki kulifungua tangu nizaliwe. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikaijibu kwa sauti, peke yangu sebuleni, kwamba mimi ni msomi wa darasa la jioni, sibabaishwi na swali. Nikafuta. Nilipoizima na kuiwasha tena, kioo kikawa cheusi, na maneno meupe machache ya kunisuta.

Nikaibeba mpaka Singida mjini kwa fundi. Kijana akaniamkia vizuri, shikamoo yake imetulia, kisha akatazama kile kioo na kuguna.

"Mama, umefuta faili linaloiwasha."

"Lile? Lilikuwa limekaa tu, halifanyi kazi yoyote!"

"Ndilo lilikuwa linafanya kazi zote."

Akatafuta kompyuta nyingine ya aina ileile, akachukua faili kama lile kwa flashi, akalipandikiza kwangu. Mashine ikaamka, kila kitu changu kikiwa mahali pake. Nikacheka mpaka wateja wakageuka. Si kwa sababu ya kompyuta, rafiki yangu. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu na kibuyu cha bibi.

Sisi tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa upande wa Issuna, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi wa gwaride. Upepo wa kule ungeweza kukuvua nguo na kuzianika wenyewe. Asubuhi ziliamka kengele za ng'ombe, halafu moshi wa kuni, halafu bibi. Bibi, mama yake baba, alikuwa amebakiwa na meno ya kuonyesha tu, si ya kutafunia. Alikula ugali wa uwele kwa maziwa ya mgando, asubuhi na jioni, na hayo maziwa aliyagandisha yeye mwenyewe katika kibuyu kilichoning'inia pembeni mwa jiko. Hakuna mwingine aliyekigusa. Mama yangu alikuwa amekaa katika nyumba ile miaka mingi, amezaa, amelima, amepika, lakini kibuyu kile alikipita kama anavyopita afisini kwa mtendaji.

Siri yake haikuwa siri. Bibi hakukimaliza kamwe. Alibakiza kidogo chini, akamimina maziwa mapya juu yake, na yale ya zamani yakayafundisha mapya kuganda. Mabaki yale aliyaita mbegu. Alipewa na mama yake siku aliyoolewa, na yeye akawapa binti zake. Ladha yake? Ilikuwa na ukali unaokufumba jicho moja, kisha utamu wa moshi unaolifungua.

Basi ikaja kampeni ya usafi. Bwana afya alipita nyumba kwa nyumba kuangalia choo, shimo la taka na kichanja cha vyombo. Akasema vijidudu hupenda kujificha ndani ya vibuyu. Mama alikuwa mtu wa kutaka kusifiwa kwa kazi yake, na nani asiyetaka? Bibi alipokwenda msibani kijiji cha jirani, mama akachemsha maji, akachukua sabuni na majivu, akakiosha kibuyu kile mpaka kikanukia kama shati la mwalimu. Bwana afya alipokuja akakisifia mbele ya majirani wote.

Bibi aliporudi alikifungua, akanusa, akakirudisha chini polepole.

"Nani ameingia kwenye kibuyu changu?"

"Nimekisafisha, mama. Kilikuwa kinanuka."

"Kilikuwa kinanuka maziwa! Ulitaka kinuke nini, karafuu?"

Mama akamimina maziwa mapya akitumaini yataganda. Yakakatika, maji huku, mabonge kule, machungu kama shubiri. Akarudia, yakawa yaleyale. Siku hiyo jioni bibi aliusukuma ugali.

"Hebu nipakulieni huo usafi nile."

Baba akapendekeza tuombe mbegu kwa majirani. Wapi! Kila nyumba ilikuwa imesafisha. Jirani yetu alijisifu kwamba cha kwake alikisugua kwa mchanga mpaka kikalia. Kijiji kilikuwa safi hivi kwamba nadhani vijidudu wenyewe walikwenda kuomba hifadhi kwa Wagogo.

Ndipo bibi akatangaza kwamba anahamia Kintinku kwa binti yake, maana huko bado kuna maziwa. Akaanza kufunga kaniki zake. Wewe huenda utaona ni jambo dogo. Kwetu mama mkwe akiondoka nyumbani kwa mwanawe na mzigo kichwani, jina linabaki kwa mkamwana, linamfuata kisimani, kanisani, mpaka kaburini. Mama akasimama mlangoni.

"Mama, nipe nafasi. Nitakwenda mimi Kintinku, nirudi na mbegu."

"Nenda. Isipokuja, nitajua njia."

Nikachukuliwa mimi, kwa kuwa magoti yangu yalikuwa ya kadiri nzuri ya kubania kibuyu. Tulipanda lori la ushirika juu ya magunia ya karanga mpaka Manyoni, tukashuka rangi ya barabara, hata kope. Kisha treni, daraja la tatu, kuku chini ya viti, na akina mama wa stesheni wakipitisha mayai ya kuchemsha dirishani.

Shangazi alitupokea, na aliposikia shida yetu akaangua kicheko kilichofukuza njiwa.

"Wifi! Umeosha kibuyu cha mama? Na bado uko hai?"

"Niko hai kwa muda tu, wifi yangu. Nisaidie."

Alikuwa nayo. Lakini alipokuwa akitumiminia, alisita. Akasema mbegu yake iliwahi kudhoofika, mama mkwe wake, Mgogo, akamwongezea ya kwao, na tangu hapo zimeishi pamoja.

"Kwa hiyo si ya mama mwenyewe?" mama akauliza.

"Ni ya mama na si ya mama."

"Atajua?"

"Atajua kabla hujafungua mdomo."

Tukapanda treni ya kurudi. Joto la behewa nalo likafanya kazi yake. Kabla ya Manyoni kizibo kiliruka kwa kishindo, na maziwa yakamvaa bwana mmoja wa Kaunda suti tangu kola hadi mkanda.

"Mama, umebeba bomu?"

Behewa zima likacheka. Mama aliomba radhi, lakini macho yake yalikuwa ndani ya kibuyu. Kilichobaki kilikuwa kidogo kama machozi. Akakifunika kwa kiganja chake, wala hakukiondoa mpaka stesheni, ambako aliomba maziwa mabichi kwa mama mmoja akailisha ile mbegu kama mtoto mchanga.

Tulifika nyumbani mzigo wa bibi ukiwa tayari umefungwa kamba. Mama akapiga goti, akampa kibuyu kwa mikono miwili. Bibi akamimina kidogo kiganjani, akalamba. Naapa hata mbuzi waliacha kutafuna.

"Hii imekaa ukweni," akasema.

"Ndiyo, mama," mama akajibu. "Kama mimi."

Bibi akaanza kucheka, mabega kwanza, halafu tumbo, halafu yale meno yake ya maonyesho. Akanipa kamba ya mzigo niifungue.

"Ng'ombe wakirudi, chukua maziwa ya jioni ugandishe," akamwambia mama. "Nami nitakaa hapa nikutazame."

Tangu siku ile mama ndiye aliyegandisha, na bibi alikula ugali wake hadi alipofariki, akilalamika kila jioni kwamba yamezidi ukali.

Sasa pale kijijini kuna duka lenye friji, na maziwa ya mgando ya pakiti, meupe, mapole, hayamfumbi mtu jicho. Mbegu ile haikuoshwa na mtu tena. Baada ya bibi kufariki ulikuja ukame, ng'ombe wakapungua, akabaki mmoja anayetoa maziwa ya kulowesha kijiko. Jioni moja tulikuwa tumekula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Mama akakiinamisha kibuyu, akauliza nani ayamalizie yaliyobaki, maana maziwa mapya ya kuilisha mbegu hayakupatikana tena. Tukatazamana, watoto wote. Tukasema tumeshiba.