Shimo Lililochimbwa kwa Kipimo Changu

Mchanga uliolowa una harufu yake, ya chuma na mizizi, na mpaka leo naitambua hata nikiwa mbali. Ni harufu ya laga ya Tarach, mto wa mchanga usiopitisha maji ila msimu wa mvua, kule Kakuma, mwaka ule mvua ilipotunyima kabisa. Kila asubuhi mama, kaka yangu Ekai na mimi tulishuka na madumu hadi kwenye shimo letu katikati ya mchanga. Ekai alisimama juu, mama alijishikiza katikati, na mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote nilishuka hadi chini kabisa, nikachota kwa kibuyu maji yaliyojikusanya na kuyapitisha juu. Watu walinisifu kuwa mtoto mtiifu. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa, na niliogopa sana. Mchanga ulinidondokea shingoni, na mbingu ilikuwa ndogo kama sahani.

Asubuhi moja tulikuta ukuta wa shimo umemomonyoka. Nikaweka kibuyu chini.

"Mama, mimi leo siingii."

Ekai alicheka, akaniita malkia. Mimi nilisubiri kofi. Mbuzi walikuwa wakilia kwa kiu nyuma yetu, na niliona aibu mpaka machozi yakanitoka, lakini kibuyu sikukiokota. Mama alinitazama, kisha akalitazama shimo.

"Shimo unaweza kukataa," alisema. "Maji huwezi. Haya, sema wewe utafanya nini."

Nikasema nitachimba, nikianzia juu. Mama alipojaribu kushuka mwenyewe, mabega yake hayakupita kule chini. Hapo ndipo sote tulipoona: shimo lilikuwa jembamba kwa sababu mimi nilikuwa mwembamba. Tulilipanua hadi jua likafika utosini, Ekai akinung'unika, viganja vyangu vikitoka malengelenge. Tangu siku hiyo tulishuka kwa zamu.

Siku hizi naishi Lodwar, na maji hutoka kwenye bomba la uani, yakipenda. Jana binti yangu Nakiru, mwenye miaka tisa, alikataa kumbeba mdogo wake mgongoni.

"Kila siku ni mimi tu, mama."

Nilikuwa nimeshainua mkono. Kumbe na mimi nimechimba shimo langu, kwa kipimo cha Nakiru. Nikaushusha, nikambeba mdogo wake mwenyewe, nikamwuliza Nakiru yeye atafanya nini.

Akafikiri. "Nitaosha vyombo. Kaka ambebe jioni."

Kaka yake, aliyekuwa amejinyoosha kwenye mkeka, akainua kichwa. Ana miaka kumi na mitatu, na sijawahi hata siku moja kumwambia ambebe mtoto.