Askari wa Nyuma

Mwenye duka la viungo hapa Rayners Lane hucheza gemu kwenye tableti kando ya mizani, kidole gumba kimeshika rangi ya bizari. Mpaka leo sijaelewa ni gemu ya vita au ya uchumba: mara anapanga askari, mara anamkaribisha mmoja wao chai. Huyo mmoja, hodari kuliko wote, humweka nyuma kabisa.

"Anti, mbona shujaa wako hapigani?"

"Tumeshachumbiana. Mchumba hapelekwi vitani."

"Si utashindwa?"

"Nashindwa kila siku."

Kweli, jeshi lote likafa, mchumba akiwa wa mwisho. Akapangusa kioo kwa ncha ya mtandio, akaanza upya. Yule askari akatokea, akainama kwa adabu, akamuuliza: "Samahani, unaitwa nani?"