Ijumaa ya Mama Pasi

Pale kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, kila mtu alimwogopa Mama Pasi. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kupigia pasi, mikono imejaa makovu ya moto mpaka kwenye viwiko, na mdomo uliounguza kuliko pasi yenyewe. Shuka likimfikia na mkunjo hata wa upana wa ukucha, alilirusha miguuni mwa aliyelinyoosha, akaendelea na safari yake.

Basi meneja mpya, binti wa mwenye kampuni, alipowakusanya uani akatangaza kwamba Ijumaa hakutakuwa na kazi tena, na mshahara hauguswi, watu walipiga vigelegele. "Mashuka yanaungua kwa sababu mmechoka," alisema. "Mkipumzika, kazi itanyooka."

Mama Pasi peke yake alikunja uso. "Mnashangilia uvivu," alisema. "Hoteli zitatukimbia zote, mtaona."

"Wewe mama una nini na raha za watu?" fundi wa mashine alimjia juu. "Kama huna kwako, sema."

Kwake alikuwa nako, na huko ndiko kulikokuwa na shida. Wifi yake, dada wa mume, alihamia kwao alipofiwa na mumewe, akalikamata jiko asiliachie. Walikuwa paka na panya. Siku za mapumziko mume alikuwepo, wakajizuia kidogo. Siku nyingine kilichowaepusha kushikana mashati ni kwamba mmoja wao alishinda kazini.

Hilo hakumwambia mtu. Alikwenda nyumbani kwa mzee mwenye kampuni akamwomba amzuie binti yake. Mzee alikataa, na habari zikavuja. Tangu hapo kazini hakuna aliyemsalimia. Kukunja shuka kubwa kunataka watu wawili. Yeye alishika pembe zake, upande wa pili ukabaki unaburuzika sakafuni.

Ijumaa ya kwanza ilimkuta akizunguka jikoni, akifungua kopo hili na lile.

"Umefukuzwa?" wifi aliuliza.

"Nimepumzishwa. Majani ya chai umeyaficha wapi?"

"Yapo pale yanapokaa siku zote. Nyumba hii naikaa mimi, wifi. Wewe unakuja kulala tu."

Mama Pasi alilifunga kopo kwa kishindo. Maneno yale yalimchoma kwa kuwa yalikuwa kweli.

Ijumaa iliyofuata alivaa sare yake akaenda kazini. Mlinzi hata geti hakufungua.

"Bosi kasema ukija nikurudishe," alimwambia, meno yote nje. "Na mimi nakurudisha kwa moyo mweupe kabisa."

Alirudi amevimba kwa hasira, akamkuta wifi amenyoosha miguu kitini, redio inaunguruma. Akaizima.

"Sikiliza. Nitakuwa hapa kila Ijumaa. Zoea."

"Zoea wewe!"

Siku hiyo jiko lilipanguliwa lote. Kila mmoja alitupa nje vya mwenzake: sufuria zilizotoboka, vikombe vilivyokatika mikono, vifuniko visivyo na vyungu. Mume alirudi, akaliona rundo mlangoni, akazisikia zile sauti, akageuza akaenda zake. Mpaka jua linazama, rafu za upande wa dirisha zilikuwa za Mama Pasi, za upande wa mlango za wifi, na ole wake atakayevuka.

Miezi ikapita. Mashuka ya kuungua yakapungua. Kila mtu aliliona hilo, na Mama Pasi aliliona pia. Halafu yule mzee mwenye kampuni akaingiwa na woga wa kukimbiwa na hoteli, akataka Ijumaa irudi kuwa ya kazi. Meneja akawaita tena uani: wanaotaka mpango uendelee wanyooshe mikono.

Mama Pasi alinyoosha wa kwanza.

Fundi wa mashine akamkodolea macho. "Si wewe uliyekwenda kutuchongea kwa mzee?"

"Ndiyo mimi. Na usinitolee macho. Ijumaa nina shughuli zangu nyumbani. Nikiikosa moja tu, yule mwanamke atanyakua jiko lote."

Hakuna aliyeelewa ni mwanamke gani, wala aliyethubutu kuuliza. Mikono ikanyooka, mpango ukapita. Walipotawanyika, fundi alimpita bila salamu, naye Mama Pasi akatazama pembeni.