Kinyama cha Shingoni mwa Nyogokuru

Nilipokuwa mtoto niliambiwa kwamba uhai wangu unaning'inia kwenye shingo ya bibi yangu. Sikuambiwa na watoto wenzangu. Niliambiwa na watu wazima, wenye akili zao timamu, na mpaka leo nikikumbuka nakereka.

Bibi yangu, tuliyemwita Nyogokuru kama Wanyarwanda wanavyowaita bibi zao, alikuwa na vinyama shingoni. Si ugonjwa. Ni vile vinavyowaota watu umri ukisonga: vidogo, laini, vingine vina kikonyo chembamba, vingine vya kahawia vimekaa kama nta iliyodondokea ngozi. Alikuwa navyo saba, na wajukuu tulikuwa saba. Hesabu ikishakubali hivyo, nani atabishana? Kila kinyama kikapewa mwenyewe. Changu kilikuwa kikubwa kuliko vyote, chini ya sikio la kushoto.

Siku moja kitambaa chake cha kichwa kilikikwaruza kikatoa damu, na jioni ileile mimi nikapata homa. Watoto watatu wa jirani walikuwa na homa hiyohiyo, nao hawakuwa wamening'inia kwa bibi yeyote. Hakuna aliyetaka kusikia. Tangu hapo Nyogokuru hakubeba mzigo upande wa kushoto, wala hakuulalia. Muuguzi wa kituo cha afya huku kwetu Rugerero alikitazama akacheka.

"Mama, hii haina shida. Inakuyaka tu, inakuja na uzee. Kama inakusumbua, mi nakata na mukasi, dakika mbili inaisha."

"Ukate mutoto wangu na mukasi?" Nyogokuru akamjibu. Akafunga kitambaa chake, tukarudi nyumbani.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Tantine, shangazi yangu, binti yake Nyogokuru. Yeye alibaki Goma sisi tuliporudi Rwanda, na kila Jumapili alivuka mpaka kuja kumwona mama yake. Alikuwa akiyacheka mambo ya vinyama na wajukuu, akisema ni ushamba. Yeye alikuwa na imani yake ya kisasa zaidi: unywele wa mkia wa ng'ombe. Aliuagiza kwa jamaa wa Mudende mwenye ng'ombe, ukaletwa umefungwa kwenye karatasi kama dawa ya duka. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, Nyogokuru akiwa amesinzia kwenye mkeka, Tantine alifanya kitanzi, akakivisha kinyama changu, akakaza. Mimi nilikuwa mlangoni namenya viazi.

"We, nyamaza," aliniambia. "Siku saba, itaanguka yenyewe. Hata hatajua."

Kisha akachukua mkoba wake akarudi Goma. Hakujua alichoniambia.

Siku saba! Nilikuwa na miaka tisa. Jumatatu nilimgawia rafiki yangu kalamu zangu zote mbili. Jumanne nilifua sare ya shule ili wasije wakaikuta chafu. Jumatano sikufanya zoezi la hesabu, la nini tena? Na kila asubuhi nilichungulia ile shingo: kinyama kikawa chekundu, kikawa zambarau, Ijumaa kikawa cheusi. Nyogokuru sikumwambia. Niliona kwamba akijua, atakufa yeye kabla yangu.

Wiki hiyo alinichemshia yai kila siku, na maziwa jioni, na mara kwa mara akanishika paji la uso. Nilidhani ni bahati ya mtu anayekaribia kuondoka.

Jumapili, tukijiandaa kwenda kanisani, kinyama kilimwangukia kwenye kola. Nilikiona. Nikakaa chini, nikafumba macho, nikangoja. Jogoo aliwika, redio ya jirani ikaendelea na nyimbo zake. Nilipofumbua macho, Nyogokuru alikuwa amepiga magoti mbele yangu, mkono wake kifuani kwangu, machozi yanamtiririka.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, Nyogokuru."

"Nilijua toka ile siku Tantine alinifunga. Nilijaribu kutoa ile nywele, ikavuta nyama, nikaogopa nitakuua mi mwenyewe. Sikukuambia, ili usiogope."

"Mi nilimuona Tantine. Sikukuambia, ili we usiogope."

Ungedhani imani iliishia pale. Wapi! Kabla misa haijaisha alikuwa ameshapata maelezo: majina yalichanganywa tangu mwanzo, changu ni kile kidogo cha upande wa kulia. Nacho akaanza kukilinda. Kile kidonda cha kushoto kikaoza, kikanuka wiki mbili, na aliyekisafisha ni yule yule muuguzi. "Dakika mbili, mama," alikuwa akirudia, pamba mkononi. "Dakika mbili!"

Sasa nimevuka hamsini na vyangu vimeota. Nilikwenda kwa daktari wa ngozi, akanichoma sindano ya ganzi, akakata vitatu, na kimoja cha kahawia akakiunguza kwa dawa ya baridi kali. Akaniambia nisihangaike na vingine, ila kimoja kikibadilika rangi au umbo, au kikitoa damu bila kuguswa, nisikae nacho nyumbani. Nilipowasimulia ndugu zangu, mmoja akanishauri unywele wa ng'ombe, mwingine maji ya betri. Maji ya betri, shingoni! Niliwajibu vibaya na sijaomba msamaha.

Ila nikitulia, naona si unywele unaoniuma, wala si vinyama. Ni ile wiki. Tulikula sahani moja, tukakaa jiko moja, na kila mmoja wetu alikuwa ananizika moyoni mwake kimyakimya, kwa ajili ya kumhurumia mwenzake. Yeyote kati yetu angefungua mdomo Jumatatu, tungelia pamoja mara moja, yakaisha. Nyogokuru alifariki mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa moyo, mimi nikiwa mzima kabisa. Siku zetu zilizobaki hazikuwa nyingi, na saba katika hizo tulizimaliza tukifichana. Hilo ndilo sijaweza kuwasamehe wote wawili, yeye na mimi.