Nani Amekalia Sasisho Langu

Masikio yangu yalianza kuniacha mwaka juzi, la kushoto kwanza, kisha la kulia likalifuata. Ana kwa ana sikupata shida kubwa, kwa sababu nilijikuta nasoma midomo bila kufundishwa na mtu. Shida ilikuwa simu. Nikiiweka sikioni nilisikia mvumo tu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi. Daktari alinipa kifaa cha kuvaa, lakini kila nilipopokea simu kilinipigia mluzi hadi meno yakaniuma. Nilikitia kwenye droo na huko ndiko kiliko.

Kazini, pale mjini, mtu asiyesikia simu anaweza kuishi. Mimi ni karani wa mafaili, na mafaili hayapigi simu. Nyumbani kwangu Mutuini nakaa peke yangu tangu mke wangu alipofariki. Watoto walikwenda kujitafutia, na wao hunitumia ujumbe wa maandishi, na siku nyingine kidole gumba tu. Aliyebaki akinihitaji kwa sauti alikuwa mama. Yuko Kitui, hakuwahi kwenda shule, na kila Jumapili nikitoka kanisani ni lazima tuzungumze. Zamani alikuwa akinipigia yeye. Sasa alikuwa akisubiri nimpigie.

Basi nilijitungia ujanja. Nilimpigia, nikaziangalia sekunde zikianza kuhesabiwa kwenye kioo, nikajua ameshika. Nikamsalimu. Mvumo ukaanza. Ulipokatika nilisema, "Ĩĩ, mwaitu," yaani ndiyo, mama, kama tunavyosema sisi Wakamba, kisha nikanyamaza mpaka urudi. Sikuthubutu kusema zaidi ya hapo, nisije nikajibu habari ya kifo kwa kicheko. Kumwambia kwamba sisikii sikuweza. Mtoto wa kiume hampigii mama yake mzee simu ili amwambie amekuwa kiziwi, halafu akamwacha alale na hilo. Lakini nikishakata nilibaki nimekaa kitandani. Nilikuwa nimezungumza na mama na sikujua hata kama ni mzima.

Habari njema ililetwa na mwenzangu wa meza ya pili ofisini. Tulikuwa na simu za aina moja, rangi moja. Asubuhi moja yake ilijisasisha, na kati ya mambo mapya yaliyokuja lilikuwamo moja lililonitoa jasho: mtu akikupigia, simu inayaandika maneno yake kwenye kioo, papo hapo, nawe unayasoma akiendelea kusema. Tulilijaribu. Alikwenda kwenye korido na simu ya mtu mwingine, akanipigia kwenye yake, na kwa Kiingereza chake cha ofisini akanieleza mkuu wetu alivyovaa tai yenye mchuzi. Nilisoma kila neno. Nilicheka mpaka nikaona haya, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na si ya kicheko.

Jioni ile niliichukua simu yangu nikabonyeza mahali pa kutafuta sasisho. Ikanijibu kwamba iko sawa, haina la kuongeza. Nikabonyeza kesho yake, na siku zilizofuata. Ikanijibu vilevile, kama karani aliyeamua hatakuhudumia.

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira yangu ni ya mtu anayejua kazi. Nimefanya kazi ya mafaili maisha yangu yote. Faili halipotei. Faili hukaliwa. Kuna mtu mahali fulani ameliweka chini ya mengine, na ukimjua ukaenda ukasimama mbele ya meza yake bila kuondoka, litatoka. Nikajiambia nitamtafuta aliyekalia sasisho langu, hata awe wapi.

Nilianza na kampuni ya mtandao, kwenye duka lao la mjini. Msichana wa kaunta aliniambia polepole, midomo wazi, kwamba wao huuza laini na bando, na mambo ya ndani ya simu ni ya mtengenezaji. Nikamwandikia mtengenezaji. Walinijibu kwa adabu nyingi na kunishauri, kwa msaada wa haraka zaidi, niwapigie simu. Niliwaandikia tena nikawaeleza kwa nini siwezi kupiga simu. Safari hii alijibu mtu mwenye akili. Alisema simu yangu ilitengenezwa kwa ajili ya mtandao fulani wa Ulaya, na masasisho yake hayatoki mpaka mtandao huo uyakague na kuyaidhinisha. Nikawaandikia hao wa Ulaya. Wakaniomba namba yangu ya mteja.

Simu hiyo niliinunua kwenye vibanda vya Ngara. Ilikuwa moja ya zile tunazoita ex-UK, simu iliyokwisha kutumiwa ng'ambo, na hapa kwetu mtu akiipata hutembea kifua mbele, maana tunaamini iliyotumiwa na Mzungu ni imara kuliko mpya iliyoletwa moja kwa moja kwetu. Mwenzangu alinunua mpya dukani na nilimcheka. Sasa yake ilikuwa inaandika, na yangu inasubiri ruhusa ya watu wasionijua. Nilimwendea muuzaji kibandani kwake. Alikuwa akila chapati. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akainua uso ili niuone mdomo wake vizuri.

"Mzee, mi nilikuuzia simu, sikukuuzia update. Hizo ziko na wenyewe huko majuu."

Alinipa kiti nikae. Aliona nimechoka, na sikuwa na pengine pa kwenda, nikakaa.

Basi ndivyo walivyonipiga danadana. Wa mtandao akaurusha mpira kwa mtengenezaji, mtengenezaji akaurusha Ulaya, Ulaya wakaurudisha kwangu, na wa Ngara akaendelea na chapati yake. Kila mmoja alikuwa na haki kiasi, na hilo ndilo lililoniudhi kabisa. Nilizoea kuona mkosaji mmoja. Hapa nilikuta mlolongo wa watu waungwana, kila mmoja amelishika faili kidogo tu. Jioni nilirudi Mutuini, nikapika ugali wa mtu mmoja, nikabonyeza tena mahali pale. Jumapili zikaendelea kuja. Ĩĩ, mwaitu. Ĩĩ.

Kisha Jumamosi moja, bila barua wala samahani ya mtu, sasisho likaja. Nilikuwa nafua. Niliitazama simu ikijizima na kujiwasha, nikaogopa hata kuigusa. Usiniulize ni nani hatimaye aliliachilia, mpaka leo sijui. Usiku ule nililala vizuri, na kanisani kesho yake sikumbuki hata mahubiri yalihusu nini. Nilikuwa nahesabu maswali nitakayomuuliza mama, ya mwaka mzima.

Nilimpigia nikiwa nimeishika simu mbele ya uso wangu. Akashika. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, na kioo kikaanza kuandika.

Kiliandika kwa Kiingereza. Kiliandika habari za gari la mtu, kuku wawili na mji ambao sijawahi kuusikia. Nilisoma mistari mitatu nikidhani mama amechanganyikiwa, kabla sijaelewa kwamba aliyechanganyikiwa ni mimi. Mama yangu anasema Kikamba. Hajui lugha nyingine, na simu ilikuwa inayageuza maneno yake kuwa Kiingereza cha kubahatisha. Miezi yote ile niligombana na mabara mawili, na sikuwahi kujiuliza kama simu inaijua lugha ya mtu niliyetaka kumsikia. Sisi wa hapa ndivyo tulivyo. Ofisini Kiingereza, njiani Kiswahili, nyumbani cha kwetu, na tunahama kutoka kimoja hadi kingine bila kuona tumepita mlango. Mbele ya mashine tunasema Kiingereza, halafu tunadhani mashine imetuelewa.

Nilitaka kuitupa ukutani. Ninalishukuru lile gari na wale kuku, maana niliendelea kusoma kwa hasira tu, nione upuuzi utafika wapi. Upuuzi ukakatika. Kioo kikakaa kitupu. Kisha yakatokea maneno mawili ya Kiingereza, membamba, yameandikwa kwa mlazo, yakisema kwamba mtu analia.

Yakatoweka. Yakarudi tena.

Nilimwambia nitakuja kesho. Sijui alijibu nini.

Nilifika Kitui mchana. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, anachambua pojo kwa vidole, taratibu mno. Nilimwita. Aliinua uso, akanyoosha mkono kunisalimu, lakini hakuunyoosha mahali nilipokuwa. Niliufuata nikaushika.

Nilichuchumaa mbele yake, karibu, niione midomo. Hakushangaa. Alizungumza kama anayeendelea na mazungumzo ya jana. Alisema hata mwanga wa mlango sasa umeondoka, kama alivyoniambia ungeondoka. Jicho moja lilikwenda kabla ya mavuno, akasema, hilo nilikuwa nalijua. La pili alikuwa akinieleza kila Jumapili lilivyokuwa likipungua. Tena anashukuru nilivyolichukua kwa utulivu.

Nilimwambia ukweli wa masikio yangu pale pale, mikono yake ikiwa mikononi mwangu. Alinipapasa sikio moja, kisha la pili, kana kwamba angeweza kukuta kilichoziba. Nikamuuliza dada zangu, walioolewa mbali na ambao humpigia simu wao pia, wanasemaje kuhusu macho yake, mbona hawakunieleza, mbona hakuna aliyempeleka hospitali.

"Hawajui," alisema. "Wao nikianza tu wananikatiza. Nilikwambia wewe peke yako, kwa sababu wewe ndiye unayenisikiliza mpaka nimalize."